Marejesho ya Jumanne: nilivyotoka kwenye wasiwasi wa kazi

Mimi ni afisa mikopo. Ni yule mtu anayepita kwenye vikundi, anakagua biashara, anajaza fomu, halafu kila wiki anarudi na karatasi kuchukua marejesho. Huu ni mwaka wa sita naifanya kazi hii hapa Moshi. Vikundi vyangu viko Majengo, Pasua, Kiboriloni na vichache vya njia ya Uru, na wateja wangu wanakaribia mia mbili. Mwaka juzi kazi hii ilinilaza kitandani. Naandika kwa sababu maafisa wenzangu ninaokutana nao stendi na sokoni wananisimulia dalili zilezile nilizokuwa nazo mimi, na wanaziita presha, vidonda vya tumbo au malaria isiyosikia dawa, kama nilivyokuwa naziita mimi.

Ilianzia Jumapili. Nikitoka ibadani asubuhi niko mzima kabisa, napika, nacheka na watoto. Ikifika saa tisa alasiri tumbo linakaza na mikono inakuwa ya baridi. Jumatatu nilikuwa na vikundi vitatu na Jumanne viwili. Usiku nalala saa tano, saa nane niko macho nahesabu: fulani wa Pasua hajalipa wiki mbili, mama wa ndizi Kiboriloni simu yake haipatikani, mwisho wa mwezi unakuja. Nikapata vidonge vya usingizi kwenye duka la dawa bila cheti. Vilinisaidia wiki mbili tu, kisha kimoja hakikutosha tena.

Mzigo wenyewe ulikuwa kujazia. Kwenye mkopo wa kikundi, mmoja asipofika na rejesho lake, wenzake wanapaswa kumchangia. Ndiyo maana ya dhamana ya kikundi. Lakini wakigoma, na siku hizi wanagoma sana kwa sababu kila mmoja ana mikopo mitatu minne sehemu tofauti, karatasi inarudi ofisini na pengo. Ofisini pengo halikutakiwa. Nilishaambiwa mbele ya wenzangu nisirudi bila hesabu kamili. Basi nikawa natoa mfukoni. Mara ya kwanza ilikuwa shilingi 10,000 nikajiambia nitarudishiwa wiki ijayo. Ikaja 15,000, ikaja 40,000. Kufikia Agosti nilikuwa nimejazia zaidi ya laki sita. Nikaenda kukopa mwenyewe, mkopo wa kausha damu, ule wa riba kali, ili nijazie marejesho ya watu wengine. Mume wangu hakujua. Nililala kitanda kimoja naye miezi minne na siri hiyo.

Halafu kulikuwa na simu. Kila saa tatu usiku, kwenye kundi la WhatsApp la tawi, ilikuwa inatumwa orodha ya wateja waliochelewa, na jina la afisa mbele ya kila mmoja. Ukisikia mlio tu unajua. Ilifika mahali mlio wa simu ya mtu mwingine ndani ya daladala ulikuwa unanishtua mpaka jasho linatoka.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne ya Septemba, Majengo. Tunakutana kwenye baraza la nyumba ya mwenyekiti, viti vya plastiki na mkeka, watu ishirini na wawili. Nilikuwa nahesabu noti za elfu mbili mbili, zile zilizochakaa zinazoshikana. Nikafika kumi na saba, nikasahau, nikaanza upya. Mara ya tatu ncha za vidole zikaanza kuchomachoma kama zimeumwa na siafu, midomo ikafa ganzi, moyo ukaenda mbio nausikia masikioni. Sikupata pumzi. Nilichojua ni kwamba nakufa pale, mbele ya wateja, na pesa za watu mkononi. Mwenyekiti akanishika bega, "Afisa, afisa, kaa chini mwanangu." Mtunza hazina akanipokonya noti taratibu, akazifunga kwenye kitenge. Wakanipakia kwenye bajaji kwenda hospitali.

Hospitali walinipima umeme wa moyo, presha, sukari, wingi wa damu, wakachukua na damu nyingine ya kupima tezi ya shingo, kwa sababu ikifanya kazi kupita kiasi nayo inaukimbiza moyo. Hakuna kilichoonekana. Na hili nalisisitiza: usijiamulie mwenyewe kwamba ni mawazo tu. Maumivu ya kifua na kukosa pumzi yapimwe kwanza, mambo mengine baadaye.

Daktari alikuwa kijana, mdogo kuliko mimi. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nilipomjibu akaniuliza nalala saa ngapi, nakunywa nini, nani anajua hali yangu. Nikalia mbele yake kama mtoto. Akanieleza kwa lugha nyepesi kilichonipata. Mwili ukiona hatari unamwaga adrenalini, moyo unakimbia, unapumua harakaharaka ili ukimbie au upigane. Sasa mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti, sikimbii, lakini napumua kama anayekimbia. Ukipumua hivyo unatoa hewa ya kaboni dayoksaidi nyingi kuliko inavyotakiwa, na hapo ndipo vidole vinachomachoma, midomo inakufa ganzi na kichwa kinakuwa chepesi. Inatisha, lakini mara nyingi inafika kileleni ndani ya dakika kumi hivi kisha inashuka. Kujua hilo tu kulinipunguzia nusu ya hofu. Vidonge vya usingizi alinitajia kwa jina, diazepam, akaniambia mwili unavizoea na kudai zaidi, akanipangia namna ya kuvipunguza kidogo kidogo. Akaniandikia barua ya kwenda kliniki ya afya ya akili.

Barua hiyo nilikaa nayo kwenye mkoba wiki tatu. Neno "akili" ndilo lilinizuia. Niliogopa kukutana na mteja kwenye benchi la kusubiria, nikaogopa ofisini watasema amechanganyikiwa. Wiki tatu hizo nazijutia mpaka leo, maana nilipokwenda hatimaye nilimkuta mama mtu mzima, muuguzi wa afya ya akili, mpole, na kwenye benchi walikuwepo mwalimu, dereva wa noah na dada mmoja wa benki akiwa na sare yake.

Nilimwona mara sita. Kitu cha kwanza alichonipa ni kazi ya kuandika. Nikanunua kaunta buku, kila nikishikwa na wasiwasi niandike saa, kilichotokea, nilichokiwaza, na mwili ulifanyaje. Nilidhani naogopa vikundi. Baada ya wiki mbili za kuandika daftari lilionyesha kwamba saa mbaya kuliko zote ni kati ya saa mbili na saa tatu usiku, kabla orodha haijatumwa. Lilionyesha pia kwamba siku ninazokunywa vikombe vitano vya kahawa, na mchana kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu, mapigo ya moyo yalianza mapema. Mimi ni mtoto wa nyumba ya kahawa, nimekulia chini ya mibuni, kuacha ilikuwa ngumu. Nikabaki na kikombe kimoja cha asubuhi.

Alinifundisha kupumua: kuvuta kwa hesabu ya nne, kutoa kwa hesabu ya sita, tumbo lipande na kushuka. Alisisitiza nifanye mara mbili kwa siku nikiwa nimetulia. Nisisubiri wasiwasi unishike. Mwili ambao haujazoea hautakumbuka siku ya shida. Wengi wanajaribu mara moja wakiwa katikati ya hofu, wanaona haifanyi kazi, wanaacha.

Jambo gumu lilikuwa Majengo. Baada ya siku ile nilikuwa nimembembeleza mwenzangu anishikie kikundi hicho, nami nimchukulie cha kwake. Kila Jumanne niliyoikwepa nilipata raha ya siku nzima, lakini Jumanne inayofuata ilizidi kuwa kubwa kichwani. Muuguzi akasema turudi polepole. Wiki ya kwanza nilipita tu barabarani na bodaboda. Wiki ya pili nilishuka, nikamsalimia mwenyekiti, nikanywa maji, nikaondoka. Wiki ya tatu nikakaa kwenye mkutano karibu na mlango, mtunza hazina akahesabu pesa kwa sauti, mimi nikaandika tu. Vidole vilichomachoma. Nilibaki kwenye kiti, nikapumua, vikaacha. Wiki ya tano nilihesabu mwenyewe.

Mume wangu nilimwambia jikoni, usiku, watoto wamelala. Nilimwambia kiasi chote, pamoja na riba. Alinyamaza muda mrefu, nikaanza kutetemeka. Halafu akavuta lile kaunta buku, akageuza ukurasa mpya, akaniambia, "Mama Neema, nitajie mmoja mmoja." Tuliandika mpaka saa saba. Pesa ya upatu tuliyokuwa tumeipanga kwa ajili ya bati ikaenda kulipa ile kausha damu. Nyumba bado haijaisha mpaka leo, na hajawahi kunisimanga. Naamini usiku ule ulinisaidia kuliko kitu kingine chochote kwenye simulizi hii.

Yeye ndiye aliyenitafutia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya mwaka 2004. Nimefanya kazi miaka yote hiyo sijawahi kuisoma. Inasema saa za kawaida za kazi ni 45 kwa wiki. Zinazozidi hapo ni za ziada na zinalipwa. Inasema likizo ya mwaka ni siku 28. Na kifungu cha 28 kinahusu makato: mwajiri hawezi kukudai hasara hivihivi. Lazima iwe imetokana na kosa lako, upewe kwa maandishi sababu na kiasi, upewe nafasi ya kujitetea, na jumla ya makato isizidi robo ya mshahara. Mteja kutolipa si kosa langu. Nilisoma mara tatu nikiwa nimesimama.

Nikaandika barua kwa meneja, ukurasa mmoja, kwa heshima. Kwamba kuanzia wiki ile pengo litaandikwa pengo, pungufu, na saini ya mwenyekiti wa kikundi. Kwamba simu za kazi nitapokea mpaka saa kumi na mbili jioni. Kwamba naomba likizo yangu, ambayo sikuichukua miaka miwili. Sitadanganya kwamba alifurahi. Wiki mbili hatukusalimiana vizuri. La pengo alilikubali, nadhani kwa sababu lilikuwa kwenye maandishi. La simu hakulijibu, na orodha bado inatumwa saa tatu. Mimi nimelizima sauti lile kundi, nalisoma saa moja asubuhi nikishakunywa chai. Laki sita zangu sijarudishiwa. Ningeweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, lakini risiti sikuwa nazo, nilijazia kwa siri. Anayejazia leo, aache leo.

Likizo nilipewa siku kumi na nne. Nilikwenda kwa shangazi Uru. Hakuniuliza kitu. Alinipa panga nikate majani ya ng'ombe, nikachoka, nikalala saa mbili usiku kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Siku ya tatu aliniamsha saa kumi alfajiri, zamu yake ya maji ya mfereji. Tukashuka na tochi na jembe, akaondoa udongo na magome aliyozibia, maji yakaingia kihambani, shamba la nyumbani, yanasikika tu gizani chini ya migomba. Saa moja kamili akaziba. Migomba ya mwisho, ile ya karibu na ua wa masale, ilikuwa bado mikavu.

"Shangazi, ile kule haijapata."

"Naiona. Zamu imeisha, ni ya jirani sasa."

"Na ikikauka?"

"Alhamisi nitaanza na hiyo." Akafuta jembe kwa jani, tukapanda kwenda kuchemsha chai.

Nilirudi mjini na tabia hiyo. Saa kumi na mbili jioni naandika kwenye daftari nitakaoanza nao kesho, majina matatu tu, nafunga, simu ya kazi inaingia kabatini. Mwanzoni nilikuwa naisikia ikilia hata kama hailii. Ilichukua kama mwezi.

Muuguzi aliniambia jambo moja la mwisho ambalo wenzangu wengi hawalijui: Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliuweka uchovu mkubwa wa kazi, unaoitwa burnout, kwenye toleo jipya la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa na hali za kiafya, likaueleza kuwa ni hali inayotokana na msongo wa kazini usiodhibitiwa vizuri, na halikuuita ugonjwa. Kwa hiyo nusu ya tiba iko kazini kwenyewe. Wapo wanaohitaji dawa kwa miezi kadhaa, na mmoja wa wenzangu anazitumia na amepata nafuu kubwa, mimi sikuzihitaji. Mwisho wa mwezi bado tumbo linakaza, hasa Desemba, wateja wakishaanza kununua nguo za watoto za Krismasi.

Jumanne iliyopita Majengo walipungua shilingi 25,000. Mama mmoja ameuguliwa na mtoto na wenzake wamegoma kumchangia. Nilisikia vidole vinaanza. Nikaweka kalamu chini, nikatoa pumzi taratibu, mara tatu, mara nne. Mwenyekiti akaniangalia, "Afisa, uko sawa?" Nikamjibu niko sawa, mama. Nikaandika "pungufu 25,000", akasaini, nikakunja karatasi na kwenda ofisini.