Subiri Kidogo, Namhudumia Huyu: siku yangu kwenye kibanda cha wakala, Manzese

Mimi ni wakala wa miamala ya simu, Manzese, hatua chache kutoka Barabara ya Morogoro. Huu ni mwaka wangu wa saba ndani ya kibanda kile cha bati chenye dirisha la nondo. Wapita njia huniambia, "Dada, umepata kazi ya kivulini, unakaa tu unabonyeza simu." Naandika siku yangu ya Ijumaa iliyopita, mwisho wa mwezi, ili siku ukifika dirishani ukasikia nakwambia "subiri kidogo, namhudumia huyu," ujue sijakudharau. Nakulindia pesa yako.

Saa 11 alfajiri. Naamka, naswali, namchemshia mwanangu uji, namwachia mdogo wangu ampeleke shule. Kutoka Mabibo hadi kibandani natembea kwa miguu.

Saa 12:30 asubuhi. Nusu saa hii siigawi na mtu. Dirisha limefungwa, simu yangu binafsi imezimwa, iko kwenye pochi. Mezani kuna simu nne ndogo za vitufe, kila moja na laini ya mtandao wake, na kila moja nimeizungushia plasta ya rangi yake ili mkono usikosee. Naangalia floti ya kila laini, yaani pesa yangu iliyomo ndani ya simu, naandika. Kisha keshi. Msimbazi, yaani noti za elfu kumi, zinakaa peke yake, elfu tano peke yake, elfu mbili, buku, halafu sarafu kwenye kopo. Noti za elfu kumi nazipanga tembo wote wakiangalia upande mmoja, na za elfu tano vifaru wao hivyo hivyo. Huo si urembo. Noti zikilala upande mmoja, kidole kikizipitia unazisikia mbili zilizogandana, na ile iliyojikunja katikati inajitambulisha yenyewe.

Ijumaa nilikuwa na floti 2,140,000 na keshi 860,000. Jumla milioni tatu kamili. Kwa asiyejua: mtu akija kuweka pesa, keshi yangu inapanda na floti inashuka, akija kutoa, keshi inashuka na floti inapanda. Siku nzima pesa inahama upande huu kwenda upande ule, lakini jumla haitakiwi kusogea. Usiku lazima irudi milioni tatu. Ikipungua, pengo ni langu. Kamisheni ya muamala wa elfu kumi ni mia chache tu, kwa hiyo kosa la sekunde tano linaweza kumeza kazi ya miezi.

Saa 1 mpaka saa 4. Wanaokwenda kununua mzigo Kariakoo wanaweka, wapangaji wanalipia luku ya umeme, makonda wanasaka chenji, vijana wa mjengo wanatoa ya chakula. Sikuinua kichwa.

Saa 5 pakatulia. Alikuja kijana mmoja anayesoma chuo kikuu, anakaa Hosteli ya Mabibo, mteja wangu wa siku nyingi. Alikuwa anaweka elfu ishirini. Mimi nina utaratibu wangu: kabla sijaingiza namba ya siri, nagusa kioo cha simu kwa kidole na kusoma kwa sauti. Namba, tarakimu tatu tatu. Jina lililotokea. Kiasi. Halafu namtazama mteja usoni mpaka aitikie. Kijana akacheka, akasema madereva wa treni Japani wanafanya vivyo hivyo. Wananyooshea kidole taa ya reli, wanataja kwa sauti walichokiona, ndipo wanaendelea. Wanaita shisa kanko. Akanionyesha video kwenye simu yake: dereva amevaa glavu nyeupe, yuko peke yake, ananyoosha kidole na kutamka.

Nilifurahi mno. Miaka yote hii wapo wateja wanaosema nasoma kama mtoto wa darasa la kwanza, kumbe na watu wanaobeba abiria kwa maelfu wanasoma.

Akaniuliza nilianza lini. Nikamwambia nilianza baada ya 480,000.

Nilikuwa mwaka wangu wa tatu kazini. Mama mmoja alikuja kuweka 480,000 aitume Mbeya, kwa mtu aliyekuwa anampakilia viazi. Nilikuwa nimeshaanza kuandika namba, nimefika tarakimu ya sita, jirani akapenyeza mkono pembeni: "Dada, luku ya elfu tano tu, nipo gizani." Nikamjibu, nikaishika simu ya pili kwa mkono wa kushoto, nikaanza na yake. Nikarudi kwa yule mama. Jina lilitokea kwenye kioo. Macho yaliliona, sitakataa, lakini mimi mwenyewe sikuwepo. Nikabonyeza. Nilikuwa nimeandika 7 mahali pa 1. Nilipopiga huduma kwa wateja, aliyepokea pesa alikuwa ameshaitoa yote na simu kazima. Yule mama alilia, mimi nikalia, na viazi vyake vilikuwa vinasubiri. Nilimlipa. Kwanza 100,000 niliyokuwa nayo ndani, nyingine kidogo kidogo kwa miezi mitano, na miezi hiyo mitano nyumbani kwangu hatukununua nyama.

Kijana alinyamaza, kisha akasema yupo mtafiti, Sophie Leroy, aliyeandika mwaka 2009 kwamba ukiiacha kazi haijaisha ukarukia nyingine, sehemu ya mawazo yako inabaki kwenye ile ya kwanza. Nimemwelewa huyo Sophie vizuri sana. Mawazo yangu yaligawanyika, nusu Mbeya nusu kwenye luku, na vidole vikabonyeza bila mwenyewe.

Saa 7 mama ntilie akaniletea ugali na dagaa. Nakula dirisha likiwa limefungwa, dakika kumi na tano. Mtu akigonga, nagonga na mimi, anajua nipo ndani nakula.

Saa 8 mchana, jua la Dar likiwa limeshika bati mpaka ndani kunanuka joto, ndipo akaja kaka mmoja mwenye shati jeupe. Gari aliliacha ng'ambo ya mtaro linanguruma. Simu moja sikioni, nyingine mkononi, na karatasi kaibana kwa kidole gumba. Akapitisha bunda la noti kwenye nondo bila salamu. "Laki sita na nusu. Namba nne. Andika." Hapohapo akaendelea na simu yake, anagombana na mtu kuhusu kokoto.

Nikasema, "Kaka, karibu. Maliza kwanza simu, mimi nakusubiri."

Akaniashiria kwa mkono: we andika.

Nikahesabu. Sitini na nne. Nikahesabu tena mbele yake, noti moja moja juu ya ubao wa dirisha, tembo kwa tembo. Sitini na nne. "Kaka, hapa kuna laki sita na arobaini."

Hapo akaitoa simu sikioni. Akasema amehesabu mwenyewe, akasema mawakala tunajulikana, akasema kwa sauti ili foleni isikie. Nyuma yake walikuwa watu saba. Kijana wa bodaboda akaguna, "Dada, si umpokelee tu, tunachelewa." Bibi mmoja mwenye kanga alikuwa anasubiri luku, ameegemea nguzo, na ndiye aliyekuwa ananiuma moyo maana miguu ilikuwa inamsumbua. Nikamwomba msaidizi wa duka la jirani ampe stuli.

Sikuzigusa zile noti. Niliziacha pale ubaoni, mikono yangu nikaiweka mezani anaiona. Hili nililijifunza mwenyewe: mteja akipiga kelele, ukizikusanya pesa ili umridhishe, ushahidi umeisha. Akajipapasa. Mfuko wa suruali, mfuko wa nyuma, mwisho mfuko wa shati. Noti ya elfu kumi ilikuwa humo, imekunjwa mara nne. Akaitupa juu ya zile nyingine, akarudisha simu sikioni.

Akaanza kunisomea namba huku anaongea na mtu wa kokoto. Sifuri saba, "nimekwambia tani saba," nne... Nikasimamisha kidole. Saba ipi, ya namba au ya tani? Akasema, "Wewe ni wakala au mwalimu? Yule wa pale chini anahudumia watatu kwa mkupuo." Ni kweli yupo. Na mimi najua ni mara ngapi amefunga kibanda kutafuta mtaji upya.

Nikamwomba anipe karatasi, akakataa, akasoma tena haraka. Nikaandika alichosoma, nikagusa kioo, nikasoma jina. Lilikuwa jina la mwanamke.

"Kaka, hii 250,000 ni ya nani?"

"Ya fundi wangu wa madirisha."

"Fundi wako ni mwanamke?"

Alinyamaza kwa mara ya kwanza. Akaitazama karatasi. Alikuwa amesoma mwanzo wa mstari wa kwanza na mwisho wa mstari wa pili. Yule mtu wa kokoto bado alikuwa anasikika anaita "haloo, haloo." Kaka akakata simu. Akaiweka karatasi ubaoni, akaishikilia kwa mikono miwili isipeperuke, na tukazipitia namba zote nne, yeye anasoma, mimi nagusa, jina linatokea, anaitikia. Haikuchukua hata dakika tano. Vile vingine vyote vilikuwa vimetula nusu saa.

Aliondoka kama alivyokuja, bila neno. Sina kinyongo. 250,000 zake zilifika kwa fundi.

Bibi nilimwita mbele, foleni ikamruhusu. "Shikamoo bibi." "Marahaba, mwanangu." Tokeni za luku ni tarakimu ishirini, na macho yake hayasomi kwenye simu. Namwandikia kwenye karatasi kwa kalamu nzito, nne nne, nafasi pana katikati, halafu namsomea huku anafuata kwa kidole. Foleni ilinung'unika tena. Bibi yule akikosea kuingiza atakaa gizani mpaka mjukuu arudi.

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena. Mwisho wa mwezi jioni watu hawaji mmoja mmoja, wanamwagika. Mgongo unawaka, koo limekauka kwa kusoma namba, na hapo ndipo penye hatari. Matapeli wanajua mawakala tunachoka saa ngapi. Wanakuja wawili, mmoja anaweka pesa, mwenzake anauliza bei ya vocha, anaomba chenji, anadondosha kitu. Hawahitaji kukuibia kwa nguvu, wanachukua ile nusu ya akili uliyoiacha wazi. Ni kama ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii": unamnasa mtu aliyekuwa tayari anawaza kutuma, mkono ukatangulia. Ijumaa walikuja vijana wawili wa namna hiyo. Nikamwambia wa pili asubiri zamu. Wote wawili wakaondoka, na yule wa kwanza akaichukua pesa yake ambayo alisema ana haraka ya kuiweka.

Mvua ikaja baada ya Magharibi. Nikahudumia mpaka foleni ikaisha.

Saa 3 usiku nikafunga dirisha, nikahesabu. Floti, laini kwa laini. Keshi, tembo kwa tembo. 2,998,000.

Nikarudia. 2,998,000.

Buku mbili si pesa ya kumlaza mtu macho, lakini siwezi kuondoka bila kujua zilitokea wapi. Nikafungua daftari nikalisoma mstari kwa mstari. Mwandiko wangu umesimama wima siku nzima, hata mistari ya yule kaka wa shati jeupe. Mstari mmoja tu umelala, wa saa 1 usiku: dada wa saluni, alitoa 38,000. Nikakumbuka. Nilimpa msimbazi nne anirudishie elfu mbili. Hapohapo bati likaanza kuvuja juu ya simu yenye plasta ya kijani, nikaivuta kwa mkono wa kulia huku bado naandika kwa wa kushoto, na yeye akakimbia mvua. Ni mwaminifu yule, naye hakukumbuka.

Nikaandika pembeni ya mstari: "Chenji 2,000 haijarudi. Bati." Nikahamisha simu zote nne upande mkavu, nikafunga kufuli mbili, nikawasha simu yangu na kumpigia fundi aje kesho saa 12, kabla sijaanza kuhesabu.