Nilivyowahi harusi Kigamboni bila kumnyima mama siku yake

Ninafanya kazi Dodoma, na ruhusa niliyopewa ilikuwa Ijumaa mchana hadi Jumapili. Rafiki yangu tuliyekua naye anaolewa Jumamosi Kigamboni, Dar es Salaam, mama yuko Mbagala hukohuko Dar, na sare ya kamati haijashonwa. Mchango nilishamaliza. Kukosa sare siku ya mtu kama yule kungeniuma.

Gauni ndilo lililonitesa. Vipimo nilivyomtumia fundi kwa simu vilimchanganya, kiuno hakikulingana na nyonga. Basi nikachukua gauni langu la zamani linalonikaa vizuri, nikalituma Mbagala kwa basi wiki mbili kabla. Mdogo wangu akampelekea fundi pamoja na kitambaa, nikamwambia, "Fundi, pima hili, usiache hata inchi moja." Tena nilimwomba aache akiba ya kitambaa kwenye mishono ya pembeni. Ijumaa nilishuka treni ya umeme jioni, nikajaribu gauni usiku uleule. Likanibana kidogo kwapani, fundi akalitanua asubuhi.

Njia sasa. Nilizoea kwenda mjini kwanza, nivuke na pantoni Magogoni, na foleni ya Jumamosi hailingani na saa ya ukumbi. Safari hii nilipitia Kongowe, nikanyoosha Kibada hadi Kigamboni, bila kugusa mjini. Asubuhi yote nikakaa na mama jikoni tukikuna nazi. Nilifika ukumbini bibi harusi hajaingia.