Usivute pumzi ndefu: namna nilivyorudi kuingia soko la Mwanjelwa, Mbeya

Ushauri niliopewa na watu wengi kuliko wote ulikuwa "vuta pumzi ndefu", na huo ndio ulionichelewesha. Naanza nao kwa sababu najua yupo mtu Mbeya au Iringa anayeingia duka lenye taa nyingi na watu wengi, mara nyuso zinageuka picha, sauti zinasogea mbali, mikono yake mwenyewe anaiona kama si yake, moyo unakimbia. Pembeni yupo mwenye huruma anayemwambia ajaze mapafu.

Asijaze. Mtu mwenye hofu tayari anahema kupita mahitaji ya mwili. Hewa safi anayo tele. Kinachopungua kwenye damu ni kabonidayoksaidi, na ikishuka, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo inabana. Hapo kichwa kinakuwa chepesi, midomo na ncha za vidole zinashikwa ganzi, mwanga unachoma, na ile hali ya kujiona haumo inakolea zaidi. Mimi nilitii ushauri ndani ya duka la simu, taa juu na taa kwenye makabati ya vioo. Nilivuta hewa kwa bidii zote mpaka vidole vikakakamaa na kujikunja, nikashindwa kuiachia simu niliyokuwa naikagua. Muuzaji akaning'ang'ania mkono akidhani naondoka nayo. Mmoja akasema presha imeshuka, nikatiwa chumvi mdomoni. Mwingine akasema huyu ana kitu, apelekwe kuombewa. Mama mmoja, Mungu ambariki, akanimwagia maji kichwani. Nikatoka nimelowa, mdomo chumvi tupu, na simu sijanunua.

Hiyo ya chumvi nayo tuimalize. Hofu kali kwa kawaida hupandisha presha, haishushi, na mtu huzimia presha inaposhuka. Ndiyo maana wengi wetu tunahisi tunazimia na hatuzimii. Wimbi la hofu lenyewe hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha linaanza kushuka lenyewe hata usipofanya chochote.

Kazi iko kwenye kutoa hewa. Vuta kwa pua taratibu kwa hesabu ya 4, hewa ishuke tumboni, mabega yasipande. Toa kwa midomo iliyobanwa kidogo kama unapoza chai, kwa hesabu ya 6. Ukiwa unatembea, hesabu hatua. Kwenye mlima punguza iwe 3 na 4, maana huwezi kubana pumzi ukipanda. Fanya hivyo dakika 5 hadi 10. Zoezi hili lifanyiwe nyumbani kila siku, ukiwa mzima. Anayeanza kujifunza katikati ya wimbi huishia kuhesabu huku anahema. Mfuko wa karatasi wa kupumulia achana nao: kama kumbe ni pumu au moyo, utajiumiza.

Huku kwetu kuna jambo ambalo vijitabu vya mjini havisemi. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya bahari na barabara zetu ni miinuko. Ukifika sokoni umepanda kilima na mizigo, moyo unadunda kwa sababu ya kilima, lakini kichwa kinasoma ni hatari. Kaa nje dakika 5, mapigo yatulie, ndipo uingie. Macho nayo yanahitaji muda: jua la saa 6 mchana, kisha ghafla giza la vibanda, kisha mstari wa mwanga unaopenya bati la kupitisha mwanga, kisha giza tena. Simama mlangoni dakika moja au mbili. Kapelo yenye ukingo mpana, ya mtumba, bei ya kahawa chache tu, inakata mwanga wa juu. Miwani myeusi vaa nje tu. Ukiizoesha ndani, macho yanazoea giza na kila taa inakuwa adui. Taa za tyubu zenye choki ya zamani hupepesa mara 100 kwa sekunde kwa umeme wetu wa hezi 50. Jicho halioni, ila baadhi ya watu huumwa kichwa na kuchoka macho. Usisimame chini ya ile inayokaribia kufa, inayopepesa mpaka wewe mwenyewe unaiona.

Sasa ujanja wangu, ambao nauringia: kupatana bei. Ukianza kujikagua (moyo vipi? nipo? sipo?) hali inakua. Swali la bei linakutoa nje ya kichwa chako kwa nguvu, kwa sababu kuna mtu anayesubiri jibu. Shika kiazi, kipime uzito mkononi, usikie udongo na ubaridi wake. Uliza bei ya sado, uliza bei ya debe, kokotoa ipi ina nafuu, kisha teta. Msalimie mama wa Kinyakyusa kwa lugha yake, "ugonile", na hatakuacha upotee, atataka kujua kwenu ni wapi. Nimetoka na viazi ambavyo sikuvihitaji, lakini nimetoka mzima. Kipande cha tangawizi mbichi mdomoni kinasaidia pia, kwa kuwa ukali wake haukuruhusu kuwa mbali.

Kukimbia ndiko kunakoharibu. Ukitoka mbio wakati hofu iko juu, mwili unajifunza kwamba umepona kwa sababu umekimbia, na safari ijayo hofu inaanzia mlangoni. Ipe hofu yako alama, 0 hadi 10. Anza mahali pa 3 au 4: mimi nilianzia soko la Sokomatola asubuhi, mapema, kabla watu hawajajaa. Kaa mpaka alama ishuke nusu, ndipo uondoke, tena kwa mwendo wa kawaida. Rudia hapo hapo mpaka pakuchoshe. Baadaye mitaa ya nje ya Mwanjelwa, kisha ndani, kisha Jumamosi. Viwanja vya John Mwakangale wakati wa Nane Nane niliviacha mwisho kabisa. Vumbi, spika na umati ule ni 9 hata kwa mtu asiye na shida.

Kahawa. Najua tuko jirani na Mbozi inakolimwa. Lakini kikombe cha saa 2 asubuhi bado kina karibu nusu ya nguvu yake mwilini saa 7 mchana, na juu ya tumbo tupu kinatetemesha. Bangi ni mbaya zaidi. Inaweza kuileta hali hii yenyewe kwa mtu ambaye hakuwa nayo.

Kabla ya yote haya pima: damu, sukari, presha, tezi ya shingo, na moyo kama kifua kinauma ukifanya kazi. Ukipoteza fahamu kweli, ukiwa na pengo la dakika usizozikumbuka, au upande mmoja ukilegea, hiyo si hofu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Hospitali ya rufaa ina kliniki ya afya ya akili. Watu watakutania kuhusu Mirembe, ile hospitali ya akili ya Dodoma, ila kuna benchi, kadi na foleni, basi. Valiamu ya kununua dirishani inatuliza leo na kukufunga kesho. Dawa ya hofu kama fluoksetini huchukua wiki kadhaa kuanza kusaidia, na siku za kwanza hofu inaweza hata kuongezeka, kwa hiyo usiiache kimya kimya, mwambie daktari.

Na ukimpeleka ndugu yako mwenye shida hii sokoni, usimpepee, usimvute mkono kuelekea mlangoni, usimuulize kila dakika anajisikiaje. Mpe kikapu abebe yeye, na umwache yeye ndiye aulize bei ya nyanya.