Finjani moja, sufuria mbili: nilivyojifunza kula upya baada ya kukatwa tumbo

Wiki ya saba baada ya upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula ili nikonde, nilirudi kazini, na siku hiyohiyo ya kwanza nikaharibu. Ilikuwa harusi, Desemba 2023, pilau ya kilo arobaini za mchele, sufuria mbili kubwa. Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Tanga, na mpishi wa shughuli haonji kwa kijiko. Unachota kwa mwiko, unadondosha kiganjani, unapuliza, unatupia mdomoni, mkono unarudi kwenye mwiko kabla hujajua umefanya nini. Ndivyo ilivyokuwa. Punje chache za wali na kinyama kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Nikameza bila kutafuna; nani anatafuna cha kuonja?

Haikupita dakika, kifua kikabana kama mtu kaniwekea jiwe kati ya matiti. Mate yakaanza kujaa mdomoni, si mate ya kawaida bali povu zito linalovutika. Nikazunguka nyuma ya banda la kuni, nikashika mgomba, nikawa natema tu. Robo saa nzima, mpaka kile kinyama kikarudi, na kilirudi kizima kama kilivyoingia. Binti yangu akanifuata huko na upawa mkononi.

"Mama, chumvi imekaa sawa?"

Nikamwambia aende akaonje mwenyewe. Akaonja, akasema sawa. Haikuwa sawa, watu walikula wakinywa maji kama wametoka kulima.

Tuseme tangu mwanzo. Nilikuwa na kilo 124 kwa urefu wa sentimita 162. Kisukari kilikuwa na miaka sita, presha minne, magoti ndiyo usiseme. Nilianza kwa kuulizia puto, lile la kuingizwa tumboni kupitia mdomoni ambalo hata hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, wanaliweka, lakini puto hutolewa baada ya miezi kadhaa, na daktari niliyemwona akasema kwa kilo zangu na sukari yangu afadhali nikatwe. Nikauza kiwanja cha Pongwe. Oktoba nikapanda basi kwenda Dar es Salaam.

Upasuaji wenyewe sina la kusimulia, nilikuwa kwenye nusu kaputi. Wiki mbili kabla walininyima wanga na mafuta ili ini linywee, maana ini la mtu mnene huwa limejaa mafuta na limelalia mfuko wa chakula, linamzibia daktari njia. Nilipoamka nilikuwa na matundu matano madogo yenye plasta. Kama asilimia 80 ya mfuko wa chakula ilikuwa imeondolewa, wakaniachia kimrija chenye umbo la ndizi. Kilichoniuma zaidi yalikuwa mabega, si tumbo. Ile gesi wanayolijaza tumbo wapate kuona vizuri hubaki kidogo, nayo maumivu yake huyasikia begani. Jioni ileile muuguzi akaniinua kitandani: "Mama, twende tukatembee, damu isije ikaganda miguuni." Nikavuta miguu mpaka dirishani na kurudi, nikamchukia. Kesho yake nilikuwa namngoja.

Siku ya kuruhusiwa niliambiwa mambo ya kutochezea: homa, moyo kwenda mbio hata umelala, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua. Ukiona hayo rudi saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane, huenda pale palipoungwa panavuja. Mdogo wangu wa Temeke, nilikokaa wiki mbili za mwanzo, aliyaandika kwa kalamu nyekundu akayabandika kwenye friji. Hayakunipata, alhamdulillahi. Lakini kila nikifungua mlango wa friji nilikuwa najishika mapigo.

Karatasi ya mlo niliyopewa ilikuwa kichekesho. Brokoli, bata mzinga, jibini lisilo na mafuta. Nani amemwona bata mzinga huku kwetu Ngamiani, Tanga? Nilipouliza mbadala wake nikajibiwa nitumie akili. Basi nikaitumia.

Mlezi wangu ikawa finjani, kile kikombe cha kahawa kisicho na mkono. Nilinunua bomba la sindano duka la dawa, nikapima: changu kilijaa kwa mililita 60. Siku za kwanza kilikuwa kinanitosha nusu saa, kidogokidogo, wala sikipigi funda. Ukigugumia unaumia papo hapo. Maji, supu ya kuku iliyochujwa ikabaki maji matupu, chai ya rangi bila sukari. Wiki ya pili nikaongeza maziwa na mtindi uliokorogwa ukawa mwepesi. Lengo la maji lilikuwa lita moja na nusu kwenda mbili kwa siku, na hapo ndipo penye kazi. Hesabu finjani 25 kwa siku. Siku nzima unanywa, hakuna kingine unachofanya.

Uji nilikatazwa kuuendekeza. Mama yangu hakuelewa, mgonjwa gani hapewi uji? Mtaalamu wa lishe alinieleza kwamba nafasi yenyewe ni ndogo, basi anayeingia kwanza awe protini, gramu 60 kwa siku kwa uchache. Yai lina gramu 6, glasi ya maziwa 8, samaki wa gramu 100 ana kama 20. Uji ukishakaa humo, hao wengine watakaa wapi?

Kilichoniokoa ni dagaa. Nawatoa vichwa, nawakaanga bila mafuta mpaka wavunjike kwa vidole, natwanga kwenye kinu, nachekecha kwa chekecheke la unga. Unga wake ukiutia kijiko kimoja kwenye supu, huoni kitu kinachokwama, ila protini imeingia. Wiki ya tatu na ya nne, za vyakula vya kusaga, nilikula hivyo pamoja na choroko zilizopondwa na changu aliyechemshwa kwa ndimu akasagwa kwenye blenda. Anaonekana kama saruji mbichi. Ladha ni nzuri, fumba macho tu. Tui la nazi, mimi niliyezaliwa na nazi mkononi, lilinitia kichefuchefu mpaka mwezi wa tatu baada ya upasuaji.

Wiki hiyohiyo ya tatu mizani ikagoma. Kilo tisa zilikuwa zimeshuka, kisha siku kumi hakuna hata gramu. Nikalia, nikasema kiwanja kimekwenda bure. Kumbe ni kawaida, mwili unajishikilia kidogo halafu unaachia.

Njaa hasa sikuwa nayo, na hili linawashangaza wengi. Ile sehemu iliyoondolewa ndiyo kiwanda kikubwa cha grelini, homoni inayoupelekea ubongo habari ya njaa. Nilipokuwa narudi Tanga basi lilisimama Segera, wauza mayai na mahindi ya kuchoma wakajaa madirishani. Sikusikia njaa hata chembe. Lakini nilipojitazama, pochi ilikuwa wazi na noti iko mkononi. Madaktari walitoa tumbo. Mkono wakaniachia uleule wa miaka ishirini ya jikoni.

Ndiyo maana nikasema siku ya harusi niliharibu. Baada ya aibu ile nilikaa nikafikiri kama mpishi, si kama mgonjwa. Bibi aliyenifundisha kupika alikuwa na kanuni: chumvi ya pilau huonjwa kwenye supu, kabla mchele haujaingia. Supu iwe imezidi chumvi kidogo mdomoni, maana mchele utainywa. Anayeonja wali ulioiva ameshachelewa, atafanya nini tena? Miaka yote nilikuwa naijua na bado nilikuwa naonja mpaka mwisho, kiganja baada ya kiganja. Siku moja nikajaribu kukumbuka ni mara ngapi kwenye sufuria moja, nikafika thelathini nikaacha. Huo ulikuwa mlo kamili ambao sikuwahi kuuhesabu.

Sasa naonja supu tone moja kwenye ncha ya ulimi, mara mbili tu, kwa kijiko cha chai nilichokifunga kwa uzi kwenye aproni. Mchele ukishaingia, mkono wangu hauna ruhusa. Kuiva anaangalia binti yangu. Tulipata kesi nyingine mbili za chumvi, halafu akaiva naye. Kwenye biriani anaanza kunishinda, ila sijamwambia.

Kula kwenyewe nilijifunza kama mtoto. Tonge dogo, tafuna mara ishirini, weka kijiko chini, ngoja. Usinywe maji ukila, na baada ya kula acha nusu saa ipite. Hilo la maji lilinishinda kuliko yote, kwa sababu sisi tumezoea glasi kando ya sahani. Nikawa naiacha glasi chumba kingine. Kuna ishara ndogo ya kushiba: wengine hupiga chafya, mimi pua inachuruzika. Ikianza, hata kama kijiko kiko njiani, kinarudi. Ukipitisha hapo, ni ule mgomba na lile povu.

Ugali na mkate ndivyo viliniacha kabisa kwa muda. Vinakaa kama udongo wa mfinyanzi. Wali nilirudia mwezi wa tano, vijiko viwili. Soda sigusi. Na siku moja kwenye maulidi nilikunywa glasi ya juisi ya ukwaju yenye sukari ya kutosha. Nusu saa baadaye jasho, moyo mbio, tumbo likaendesha. Daktari alisema huwapata zaidi waliofanyiwa baipasi, ule upasuaji mwingine wa kuunganisha kitumbo kidogo moja kwa moja na utumbo, ila na sisi hatujasalimika.

Dawa za sukari alinipunguzia daktari wiki ya kwanza tu, na mwezi wa nne akaniachisha metformini. Za presha zilichelewa kupunguzwa. Nilikuwa nikiinuka kitandani naona giza, mpaka nilipopima na kukuta presha iko chini. Magoti yaliponiuma muuza dawa mmoja akanipa diklofenaki, nikairudisha. Dawa za jamii hiyo huweza kutia vidonda kwenye kimrija kilichobaki, nami nimeambiwa nitumie panadol tu. Aliniangalia kama ninajidai.

Nywele zilianza kutoka mwezi wa nne. Chanuo zima linajaa, msusi akakataa kunisuka rasta. Damu ilipopimwa chuma kilikuwa chini, na kosa ni langu, vidonge vya vitamini nilikuwa nimevichoka nikawa naruka siku. Ni vya maisha: vitamini mchanganyiko, B12, chuma, kalsiamu na D. Chuma na kalsiamu nisivimeze pamoja, moja huzuia nyingine kuingia mwilini. Nikaanza kumeza chuma asubuhi, kalsiamu mchana na usiku. Kufika mwezi wa tisa vinywele vimeota mbele kama vya mtoto mchanga.

Lakini nywele hazikuniuma kama maneno. Huku kwetu mtu akikonda haraka, jibu lipo tayari: ana ngoma. Wateja wawili walinikimbia, sina shaka ni kwa hilo. Jirani mmoja akaja na chungwa na sura ya matanga, akaniambia, "Shoga, dawa siku hizi ni bure, usijifiche." Nikamfunulia matundu yangu matano. Akahesabu kwa kidole, akaomba samahani, akauliza bei.

Na mama. Mama yangu anaamini aliyekataa chakula chake kamkataa yeye. Miezi ya mwanzo alikuwa akipakua sahani kama zamani, kilima cha wali na ukoko pembeni, maana anajua napenda ukoko kuliko nyama. Nikila vijiko vitatu anasusa. "Hicho chakula cha ndege," anasema, "mimi sikuzaa ndege." Niliacha kubishana naye. Nikawa naenda na finjani yangu ndani ya pochi, nasema, "Mama, nijazie hii, naimaliza yote." Kumaliza ndiko alikokuwa anakutaka. Ukubwa wa chombo haukumhusu sana.

Ramadhani ya 2024 ilinikuta na miezi mitano. Daktari alinikatalia kufunga, nikapika futari za watu mwezi mzima nikiwa nakunywa maji kwa kujificha stoo. Siku zile nilizilipa polepole baadaye, kwa ruhusa yake. Ya 2025 nilifunga, na shida haikuwa njaa. Ni hayo maji. Kati ya futari na daku lazima lita moja na nusu ipite kwenye kimrija kisichopokea haraka, basi nilikuwa naweka chupa kando ya mswala na kunywa kati ya rakaa za tarawehe.

Mwaka ulipotimia tangu upasuaji mizani ilisema 86. Nilishuka mpaka 84, nimepanda tena 87, na hizo tatu nazijua zimetoka wapi: korosho. Zinapita vizuri mno.

Idi ya 2025 tulikula kwa mama. Watu ishirini, masinia mkekani. Nikaingiza mkono kwenye pochi, finjani sikuiona, nimeisahau nyumbani. Kabla sijasema neno mjukuu mmoja wa mama akatoka jikoni na kisahani, na juu yake finjani, moja ya zile za kabatini za bibi yake ambazo hatukuwahi kuruhusiwa kuzigusa.

"Bibi anasema hiki cha ndege," akasema.

Ndani samaki wa kupaka aliyechambuliwa miiba, na juu kipande cha ukoko, kikubwa kama ukucha. Nikakitafuna mpaka wenzangu wakaanza kunawa.