Mninga umenishinda leo

Mteja ana nyumba ya wageni hapa Arusha. Anataka kibao cha jina kinachochongwa kwa kupulizwa mchanga, herufi zisimame, sehemu inayozizunguka ichimbike. Akasisitiza: "Mninga tu, fundi. Sitaki mbao za bei rahisi."

Haya. Nikanunua mninga, nikabandika mpira juu ya herufi ili mchanga usizile, nikawasha kompresa, mashine ya upepo unaosukuma mchanga.

Nusu saa nzima. Nafungua, naona ubao umekwaruzika tu kama umesuguliwa na msasa mbovu. Umbo hamna.

Mzee wangu wa karakana alikuwa ananitazama na kikombe chake cha chai. Hakusema kitu. Akainama, akachomoa kipande cha paini kilichokuwa kimezuia tairi la kompresa, akanipa.

Jamani.

Nikakipuliza. Dakika chache tu mistari ikaanza kutoka. Mchanga unakula sehemu laini ya kila pete ya mti, ile ngumu inabaki imesimama. Mninga ni mgumu karibu kote, mchanga utakula nini?

Kipande kilikuwa na kifundo kimoja, pale tawi lilipoota. Chenyewe kiligoma kabisa, kikabaki kimevimba, na mistari yote imekizunguka kama maji yanavyozunguka jiwe mtoni. Nimekipapasa kwa kidole mpaka mzee akanicheka.

Sasa nampigiaje mteja simu kumwambia kibao chake kiwe cha paini? Najua itabidi itiwe dawa na rangi nzuri, la sivyo mvua na mchwa wataimaliza.

Mafundi wenzangu, nyie mnatumia mbao gani? Na huyu mteja nimwanzeje?