Ghorofa za nyongeza wanapewa, sisi tunapata nini?

Kuna hii ishu ya mipango miji naifuatilia sana, ile ya jiji kumwambia mwenye kiwanja kwamba sheria inakuruhusu ukubwa huu hapa, ila ukiwapa wananchi kitu, tuseme uwanja wa kupumzikia au nyumba za bei nafuu ndani ya jengo lako, basi tunakuongezea ghorofa. Jiji halitoi hela mfukoni, mjenzi anapata sakafu zaidi za kupangisha, raia nao wanapata chao. Mimi wazo lenyewe nalipenda, shida yangu ni jinsi linavyosimamiwa.

Angalia New York na sheria yao ya mwaka 1961. Kwenye maeneo ya majengo makubwa kabisa, ukiacha futi 1 ya mraba ya uwanja wazi chini unapewa futi 10 za sakafu juu, mpaka jengo liongezeke asilimia 20. Moja kwa kumi jamani, nani angekataa? Wakajenga kweli, lakini vingi vya mwanzo vilikuwa saruji tupu, hakuna kivuli wala pa kukaa, na kingo nyingine zikawekewa vyuma vyenye ncha ili mtu asijaribu hata kuegemea. William Whyte, mtafiti wa maisha ya mijini, akazunguka na kamera miaka ya 70 kurekodi watu wanavyovitumia, na akaona jambo ambalo kila mtu angejua akisimama pale dakika tano: watu wanakaa palipo na pa kukaa. Mwaka 1975 jiji likabadili masharti likadai viti na miti, ila yale majengo ya zamani yalishapanda. Ukaguzi uliotoka mwaka 2000 ulihesabu sehemu 503 za aina hii, asilimia 41 zikaonekana hazina matumizi ya maana, na nyingine zimefungwa geti au zimejaa meza za mgahawa.

Hapo ndo panaponiuma. Ghorofa zikishajengwa hakuna wa kuzibomoa, mwenye jengo anakula kodi miaka na miaka, lakini upande wetu mlinzi mmoja tu akifunga geti basi, imeisha hiyo.

Ndo maana naona bora faida ambayo haifungiki kirahisi. Jengo la One Vanderbilt huko huko New York, lililofunguliwa 2020, liliruhusiwa kuwa kubwa zaidi, na mjenzi akaweka kama dola milioni 220 kwenye ngazi na njia za kupita pale Grand Central, kituo kikubwa cha treni, yaani abiria wanazikanyaga kila siku. Na nyumba nafuu ziandikwe ni nafuu kwa maisha yote ya jengo, sio miaka kadhaa halafu zinarudi bei ya soko.

Halafu kibao kiwekwe nje kinachosomeka, saa za kufungua, viti vingapi, namba ya kupiga ukikuta pamefungwa, na faini ipigwe kwa kuangalia thamani ya zile ghorofa za nyongeza, sio vijisenti ambavyo mtu analipa huku geti bado limefungwa.