Nililinunua kwa Bei ya Maiti

Jumapili usiku. Kucha zangu bado nyeusi. Nimesugua kwa sabuni ya unga, nikasugua kwa limao, mwisho nimeziacha. Kesho ofisini wataniuliza tena shamba langu liko wapi.

Gari lenyewe ni Toyota Starlet, toleo la EP82 la 1994, namba za usajili za herufi A, injini ya 4E-FE ya cc 1,331. Lilikuwa nyuma ya nyumba ya Mzee, jirani yetu hapa Kihonda, Morogoro, limeegeshwa chini ya mwembe. Nilikuwa nalipita kila asubuhi nikienda kazini. Kuku walitagia chini yake. Kwenye kioo cha mbele ilibaki stika ya leseni ya gari ya 2016, na ndiyo iliyoniambia limelala muda gani. Stika zile vijana wa leo hawazijui. Ada ile ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, shilingi 40 kwa kila lita, kwa hiyo siku hizi tunalipa bila kubandika kitu.

Mwaka juzi, Agosti, nilipita nikasimama.

“Shikamoo baba. Lile gari huliuzi?”

“Marahaba mwanangu. Lile si gari tena, injini imekufa. Mafundi watatu wamesema. Ukitaka bodi, chukua.”

Tukakubaliana milioni moja na laki mbili, kwa mafungu mawili. Hiyo ni bei ya maiti. Linalotembea, la umri ule ule, nilikuwa nimetajiwa milioni tatu na nusu pale mjini.

Kabla sijatoa fungu la kwanza nilimuuliza lilikufaje. Mzee ni mstaafu wa reli, akisimulia hataki kukatizwa. Akasema: “Hapa mpaka Chalinze sindano ya joto haisogei. Mlandizi, Kibaha, salama. Nikiingia foleni ya Kimara tu, linachemsha.” Alilisema kama mtu anayeeleza msiba wa zamani. Mimi nikaliandika kwenye simu.

Gari likiwa mwendoni, upepo wenyewe unapoza rejeta, ile inayopoza maji ya injini. Likisimama, kazi hiyo ni ya feni. Gari linalochemsha foleni peke yake, ukianzia kwingine kote kabla ya feni umezunguka mbuyu. Mafundi watatu walisikia maneno yale yale. Wa kwanza aling'oa thermostati akaitupa, wa pili akazibua rejeta, wa tatu akasema gasketi inayoziba kati ya injini na hedi, kichwa chake cha juu, imeungua na hedi imepinda, atafute injini nyingine. Mzee akaweka funguo kabatini.

Je, nilijua wakati nalipa? Nimejiuliza sana. Sikujua. Nilihisi. Na sikusema.

Wiki ya kwanza sikuwasha kitu. Gari lililolala miaka minane ukilipiga stata kwa pupa unaweza kulimalizia wewe. Nilifungua kifuniko cha oili nikitafuta ule utandu wa chai ya maziwa unaoonyesha maji yameingia kwenye oili. Hakuna. Nikachomoa plagi zote nne, nikadondoshea oili kidogo kila silinda, nikaacha ilale usiku mmoja. Asubuhi nikaweka spana kwenye puli ya chini nikavuta taratibu kwa mkono. Ikazunguka. Nilikaa chini kwenye majani ya mwembe, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Petroli ya tenki ilinuka kama vanishi, nikaimwaga yote. Ndani ya boksi la filta ya hewa panya walikuwa wamejenga, wakaweka na akiba ya maganda ya karanga, kisha wakatafuna waya mbili. Tairi Mzee alizisifia kwamba bado zina kashata, yaani meno, na kweli zilikuwa nayo, ila ubavuni ziliandikwa 3111, yaani zilitengenezwa wiki ya 31 ya 2011. Mpira unazeeka hata ukiwa umekaa. Nilinunua nne za ringi 13, na hapo ndipo pesa ilipoondoka kwa kelele.

Feni niliipima kwa waya mbili moja kwa moja kutoka kwenye betri. Kimya. Nikaigonga mgongoni kwa mpini wa spana, ikajizungusha nusu duara, ikafa tena. Kaboni zinazopeleka umeme ndani ya mota zimekwisha. Basi. Hicho ndicho kilichoitwa kifo cha injini.

Nilipanda treni ya SGR kwenda Dar, ilikuwa haijatimiza hata miezi mitatu tangu ianze, watu bado wanapiga picha madirishani. Ilala nilizunguka maduka matano nikitafuta feni iliyotumika yenye mota nzima. Nilikataa kulipa mpaka muuzaji aiwashe kwa betri palepale mezani. Elfu arobaini na tano. Nikaomba na thermostati mpya, akanicheka: “Dada, ya nini? Nchi ya joto hii, mafundi wote wanatoa.”

Wanatoa kweli, na hapa ndipo ninapokasirika. Thermostati ni mlango. Injini ikiwa baridi unafungwa ili ipate moto haraka, ikifika nyuzi 80 hivi unafunguka maji yaende kwenye rejeta. Ukiung'oa, injini inachelewa kupata moto, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na inaendelea kumwaga mafuta. Unakunywesha gari petroli ya bure, halafu unalalamika Starlet inakula. Nikanunua, na kulanti, maji maalumu ya rejeta, lita nne, maana maji ya bomba ndiyo yaliyojaza kutu kwenye ile rejeta.

Sasa niseme na la aibu. Bolti mbili zinashika nyumba ya thermostati. Ya kwanza ilitoka. Ya pili ilikuwa na kutu, nilikuwa nimechoka, mvua inakuja, nikavuta kwa hasira. Tak. Ikakatikia ndani, kikabaki kisiki kisichoshikika hata kwa koleo. Siku tatu nilikuwa naenda kukiangalia kama mtu anayeangalia jino linalouma. Nilidondosha dizeli, nikagonga, nikaomba. Aliyeniokoa ni kijana wa kuchomelea mageti hapo barabarani. Aliweka nati juu ya kisiki, akaichomelea katikati, akasubiri ipoe kidogo, akaizungusha kwa spana kama anafungua chupa ya soda. Dakika kumi. Alitaka elfu tatu, nikampa tano.

Wala sitaki mtu asome hapa adhani nimefanya kila kitu. Breki za nyuma zilikuwa zimeganda na silinda zake zinavuja, na mkanda wa taimingi hakuna aliyejua umri wake. Hayo mawili nilimwita fundi. Mimi nilishika tochi na kumuuliza maswali mpaka akaniambia, “Dada, wewe ungesomea.” Boneti mtu anaweza kujifunzia, breki za kujifunzia zinajifunzia kwa watoto wa watu.

Siku ya kuwasha, Mzee hakuwepo, alikuwa kwa binti yake Kilosa. Stata ya kwanza ilikohoa. Ya pili ikakohoa. Ya tatu injini ikashika, moshi wa oili niliyodondoshea ukajaa uwanja mzima, kuku wakakimbilia kwa jirani. Niliiacha ingurume palepale, imesimama, dakika arobaini. Nilifungua rejeta ikiwa bado baridi nikaangalia mapovu, dalili ya gasketi iliyoungua, hakuna, nikafunga. Sindano ikapanda mpaka karibu na nusu. Feni: vuuu. Ikakata. Baada ya muda, vuuu tena.

Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi, lakini jioni ile ile furaha ikageuka. Nimemlipa mzee wa watu bei ya bodi kwa gari lililokuwa na mota mbovu ya feni. Nilijitetea kwa tairi, kwa betri, kwa zile siku tatu za bolti. Hesabu ilitoka sawa kila nilipoipiga, na usingizi haukuja.

Nilikaa na jambo lile wiki nzima, nikimkwepa kwa kupita njia ya nyuma. Jumamosi nikamfuata, nikamwomba twende Msamvu. Alivaa koti. Alikaa mbele, mikono magotini, hakusema neno mpaka tulipokwama nyuma ya mabasi yanayoingia stendi. Sindano ikapanda. Nikamwona anaikodolea macho, vidole vimekaza suruali.

Vuuu.

“Hiyo nini?”

“Feni, baba.”

Akanyamaza. “Mimi sikuwahi kuisikia hiyo, siku zile.”

“Ndiyo iliyokuwa imekufa. Si injini.”

Mabasi yakasogea, tukasogea. Akauliza ni shilingi ngapi. Nikamwambia elfu arobaini na tano, imetumika. Nikaongeza haraka kwamba nimepanga kumwongezea pesa, kila mwezi kidogo. Alikuwa hanisikilizi.

“Yule fundi wa mwisho,” akasema, “nilimlipa laki mbili na nusu aniambie limekufa.”

Halafu akaanza kucheka, mpaka akatoa leso. Pesa alizikataa. Alichotaka ni kwamba Jumanne ya kwanza ya kila mwezi nimpeleke kliniki ya presha, maana bodaboda zinamuumiza mgongo, na njiani nisifungulie redio. Tulinunua machungwa pale stendi tukarudi.

Keshokutwa ni Jumanne ya kwanza. Kioo cha mlango wake bado hakishuki. Nimeshafungua paneli ya ndani, na kamba yake imekatika.